Mzee, Sasa Najua kwa Nini Ilikuwa Inakwama

Mpendwa Mzee wangu Gurdev,

Sijui kama huko uliko kuna mtu wa kukusomea Kiswahili. Hapa ulipenda kusomewa huku unajifanya umesinzia, na nikiruka mstari unafungua jicho moja. Basi fungua yote mawili leo, maana nina jambo la kukiri, na nalikiri mbele za watu kwa sababu hata kosa lenyewe nililifanya mbele za watu. Nimewaambia wenzangu kanisani Aston, nimemwambia mwanangu Ushindi, nimewaambia hata wanawake ninaokaa nao kwenye basi la Stratford Road, kwamba nilimhudumia mzee mmoja mwenye bunduki mbovu na kichwa kigumu. Kichwa kigumu narudia tena leo. Bunduki mbovu nafuta.

Watakaosoma hawakujui, kwa hiyo acha nianzie mlangoni.

Kampuni ya kuhudumia wazee majumbani ilinipa anwani ya nyumba Sparkhill, mlango wa buluu, mzee aliyepigwa na kiharusi, anaishi peke yake, mtoto wake yuko Kanada. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Birmingham, isiyokulowesha mara moja lakini haikuachi. Nikagonga. Kutoka ndani nikasikia sauti nzito inapaza: "Kaliba! Kaliba!"

Unajua kwetu Uvira ulimi hauna ugomvi na herufi. Wengine wanasema karibu, wengine kalibu, na neno likipita kwenye mlango wa mbao linatoka limekatwa mkia. Mimi nilichosikia ni Kiswahili, Sparkhill, nyumbani kwa mtu ambaye kwenye karatasi yangu aliandikwa jina la Kipunjabi. Moyo ulinijaa. Nikasukuma mlango, nikavua viatu, nikasema "Starehe," nikaketi.

Wewe ulikuwa kwenye kiti chako cha magurudumu, kilemba cha buluu kichwani, simu sikioni, nusu ya uso imelegea na nusu nyingine imekasirika kwa niaba ya zote mbili. Ukanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni.

"Nani amekuambia uingie?"

"Ni weye, Muzee. Umesema karibu."

Ukaanza kucheka mpaka simu ikakuponyoka, na kwenye simu Karim, rafiki yako wa tangu Nakuru, akawa anauliza kuna nini, kuna nini. Ukaiokota kwa mkono wa kushoto ukamwambia: "Iko mama moja hapa. Amekaribishwa na bunduki!"

Ndivyo nilivyojifunza neno kaliba. Ulinieleza palepale, kama mwalimu: ni upana wa tundu la mtutu, na kwa hiyo ni ukubwa wa risasi inayopita humo. Wewe na Karim mlikuwa mnabishana kuhusu kaliba ya bunduki yako ya kulengea shabaha. Ukatazama juu kuona kama nimeelewa, ukakuta nimeshika viatu vyangu mkononi.

Sitaandika hapa yaliyotupata Uvira. Nilikueleza mara moja, na ulinisikiliza bila kuuliza swali la pili, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kunishangaza kwako. Inatosha niseme kwamba mlio wa bunduki mimi sikuusikia kwa masikio. Niliusikia kwa magoti. Hapa Birmingham fataki zikipigwa mtaani, mwanangu alikuwa ananikuta chini ya meza ya jikoni, ananiambia, "Mum, it's only fireworks," na mimi najua kabisa ni fataki, na bado magoti hayasikii.

Lakini sikuondoka. Ulisema, "Bunduki imefungwa kwenye kabati la chuma, mama. Funguo hutajua iko wapi, na mimi sitakuambia." Hukuniambia mpaka ulipofariki, na nilikushukuru kila siku. Na kusema kweli nilibaki kwa sababu ya Kiswahili. Siku nzima nilikuwa naenda nyumba hadi nyumba nikisema habari za chai na vidonge kwa lugha isiyo yangu, halafu nafika kwako nacheka.

Tangu siku ile hukuwahi kunikaribisha kwa neno jingine. Nikigonga, unapaza sauti, "Kaliba!" Nami najibu, "Starehe, Muzee." Ukawa unakitania Kiswahili changu, unasema kimepikwa na Kifaransa mpaka kimekuwa supu. Nami nakuuliza, "Na chako je? 'Mimi hapana taka dawa hii.' Hicho ni cha wapi?" Ukasema ni cha Nakuru, cha gereji ya matrekta, na kwamba trekta zote zilikielewa.

Ukutani ulikuwa na picha yako ya ujana, umesimama na kikombe mkononi, bingwa wa shabaha wa klabu yenu. Bunduki yako ya hapa ilikuwa ile mnayoiita tatu-sufuri-nane, kubwa, ya kuvuta komeo kwa mkono wa kulia kila baada ya risasi. Na mkono wako wa kulia, baada ya kiharusi, haukuweza kuvuta hata pazia. Karim alikuwa anakusihi ubadili. Sheria ya nchi hii ni kwamba bunduki ya michezo inayojipakia yenyewe, ambayo ukishafyatua risasi moja inaingiza nyingine bila wewe kugusa komeo, raia haruhusiwi kuwa nayo isipokuwa iwe ya kaliba ndogo, mbili-mbili. Kwa hiyo kama unataka mashine ifanye kazi ya mkono wako, lazima ushuke.

Na wewe kushuka hukutaka. "Mtu wa kaliba yangu," ulimwambia Karim nikiwa nakukanda vidole, "hapigi bunduki ya panya."

"Mtu wa kaliba yako hawezi kufunga kifungo cha shati," akasema Karim.

"Kifungo iko Mama Ushindi."

Nilicheka, lakini niliona macho yako. Daktari alikuwa amekukubalia, afisa wa vibali alikuwa amekuja akakagua kabati na kukuuliza maswali yake yote, klabu ilikuwa bado inakuhesabu mwanachama. Kilichobaki ni wewe kuweza, na hukuweza. Uliniambia siku moja, bila utani wowote, kwamba ulichokuwa unaogopa si kufa. Ulikuwa unaogopa kukaa miaka yote iliyobaki ukiitazama ile picha ya ukutani kama picha ya mtu mwingine.

Basi nikasema nitakupeleka. Karim angeendesha gari, lakini goti lake bovu, hawezi kukusukuma wala kukunyanyua. Bila mimi huendi. Nikajiambia, Mama Ushindi, ni mchezo tu, kuna sheria, kuna mabango, kuna wazungu wazee wamevaa sweta.

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji, paa la mabati na sakafu ya saruji, mbele majani na karatasi za duara zimesimama mbali. Walinipa yale makopo ya kufunika masikio. Nilikusukuma mpaka kwenye meza yako. Karim alikuwa anafungua mkoba. Mtu wa meza ya pili alikuwa tayari, na mimi sikumwona.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka saruji. Nilipopata akili nilikuwa nimelala juu yako, kiti cha magurudumu kimepinduka, mkono wangu umefunika kichwa chako, na kilemba chako kimefunguka kimetanda sakafuni. Karim anapiga kelele, "Mama, umemuua! Umemuua!" Watu wanakimbia. Na wewe chini yangu, unatazama mabati ya juu, ukauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Wapi?"

Nilidhani unauliza naumwa wapi. Kinywa changu kikajibu chenyewe, "Uvira."

Ukatikisa kichwa, kama vile nimekutajia mtaa wa pili tu. "Sasa uko Birmingham," ukasema. "Simama pole pole. Halafu unisaidie na kilemba."

Nilijua maana ya kilemba kwako. Hata kukuogesha, uliniomba nigeuke ukifungua. Na sasa nilikuwa nimekufungua mbele za watu. Karim akawageuza wale wazee wa sweta wote wakatazama ukutani, kama watoto walioadhibiwa. Mimi nikashika ncha ya kitambaa nikaivuta ikanyooka, na wewe ukazungusha kwa mkono mmoja, mkunjo baada ya mkunjo, bila haraka. Hukuinua uso mpaka ulipomaliza. Mimi nilikuwa nalia kwa aibu.

Kwenye gari nilikuwa tayari nimeshaandika barua ya kuacha kazi kichwani mwangu. Ulipofika mlangoni kwako ukasema tu, "Jumatatu saa tatu. Usichelewe."

Jumatatu nilipogonga, ukapaza "Kaliba!" kama kawaida, na ndani nikamkuta Karim ameketi na visanduku vya risasi kwenye sinia ya chai. Ulikuwa umekubali. Mtu aliyekataa miezi yote amekubali kati ya Alhamisi ile ya uwanjani na Jumatatu! Nikauliza kulikoni. Ukasema, "Bega langu limechoka na ile kubwa." Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mimi ndiye niliyekuwa nalikanda lile bega.

Nakumbuka mazungumzo yale kwa sababu nilikuwa namimina chai. Karim alikuwa anakuonyesha aina mbili za risasi za ile mbili-mbili, ndefu yenye nguvu na fupi ya kawaida. "Chukua ndefu," akasema, "angalau ina heshima kidogo." Ukasukuma ndefu pembeni. Kwenye zile fupi kukawa na visanduku viwili tena, vya risasi za mbio na vya risasi za polepole. Ukagonga kidole kwenye zile za polepole.

"Hii."

"Hii itakusumbua, Gurdev. Kwa bunduki ya kujipakia? Haina nguvu ya kusukuma—"

"Hii."

"Mtu wa kaliba yako!"

"Kaliba yangu naijua mimi," ukasema. "Mama, chai yangu iko wapi?"

Hukunitazama. Sasa naona kwamba hukunitazama.

Ukaniuliza kama nitarudi uwanjani. Nikakuambia ukweli: "Muzee, franchement, miye naogopa. Naogopa kukuangusha tena." Ukasema tutaenda Jumatano, siku ya bunduki ndogo tu, hakuna kubwa hata moja, na kama sitaki tena baada ya hapo, basi. Nikaenda nimeshika ukuta.

Ulikaa kwenye meza. Kitako cha bunduki ukakiweka bega la kushoto, ambalo maisha yako yote halikuwahi kukibeba, na kidole cha kushoto kwenye kifyatulio. Mbele ya mtutu Karim alikuwa amefunga kopo la kumeza sauti. Nikafumba macho. Nikangoja. Nikafumbua. Ulikuwa umeshapiga. Kile nilichokuwa nimekisikia, nikadhani mtu ameweka kikombe kwenye kisosi, ndio uliokuwa mlio wenyewe.

Magoti yangu yalikuwa yamesimama. Niliyatazama, Mzee. Niliyatazama kama magoti ya mtu mwingine.

Siku ile nilikuona kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekuogesha, nimekulisha, nimekubadilisha shuka, nikadhani nakujua. Mkono wako uliokuwa ukimwaga chai kila asubuhi, mara ulipogusa ile bunduki ulitulia. Pumzi yako ikashuka, ikashuka, ikafika mahali ikasimama, na hapo penye kusimama ndipo kidole kilipokaza. Hukuwa na haraka na kitu chochote duniani. Karatasi ilipoletwa, risasi tano zilikuwa zimekaa mahali ambapo kitufe cha shati kingezifunika zote. Mimi nikafanya ishara ya msalaba. Maisha yangu yote nimeona bunduki inavyowaondoa watu, sikuwahi kuona mtu akirudi kupitia kwayo.

Tukawa tunaenda kila Jumatano. Ushindi naye alikuja siku moja, akatazama, akasema, "Mum, he's like, amazing," nawe ukamjibu kwa Kiswahili kwamba hujasikia, aseme tena vizuri. Akasema, "Babu ni hatari." Ulifurahi wiki nzima.

Tatizo lilikuwa moja. Bunduki ilikuwa inakwama. Unapiga mbili, tatu, halafu ganda tupu linanasa, risasi nyingine haiingii, na msimamizi lazima aje aisafishe. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Ni mzee kama mimi." Ilikuwa mpya! Nilikuwepo ilipoletwa.

Halafu kikaja kikombe cha wazee wa klabu. Ulikitaka. Usijifanye, ulikitaka, ulinifanya nifute ile picha ya ukutani mara mbili. Mpaka risasi za mwisho ulikuwa mbele, na mzee aliyekuwa wa pili anakutazama kwa jasho. Ikakwama. Ikasafishwa. Ukapiga moja. Ikakwama tena, na muda ukaisha, na kikombe kikaenda kwa mwingine kwa pointi mbili.

Karim alikuja amewaka. "Badilisha risasi, wewe mzee mkaidi! Risasi tu! Si ungeweza leo, siku moja tu?"

"Nyamaza, Karim."

"Mwambie basi!"

"Nimesema nyamaza."

Nilidhani ni ule ugomvi wenu wa kila siku. Nikakaa nyuma ya gari naitukana ile bunduki kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa Kivira, mbovu, laana, ya kutupwa. Nawe mbele umetulia, unatazama maduka ya vitambaa ya Stratford Road yanapita. Ukasema, "Mama Ushindi, lakini magoti yako leo yalikuwa mazuri." Nikasema ndiyo, Muzee, yalikuwa mazuri. Nikaendelea kutukana.

Ulifariki asubuhi, baada ya chai. Nimekwisha kukulilia kwa hilo, silirudii hapa.

Sasa bunduki imeandikwa kwenye kibali cha Karim. Jumatano iliyopita aliniomba nifuatane naye uwanjani, anasema hajazoea kwenda bila mtu wa kumgombeza. Nilikaa kwenye benchi letu. Akaweka makopo yangu sawa masikioni, akaniuliza mara mbili kama niko tayari. Nikashangaa kwa nini anauliza. Akapiga. Mlio ulikuwa mwingine, mkali, kama mtu amevunja ubao kavu karibu na shingo yangu. Mabega yaliruka. Magoti yalibaki. Akapiga ya pili, ya tatu, akaendelea mpaka kumi, moja baada ya nyingine, bila kukwama hata mara moja.

Alipoweka bunduki chini nikamuuliza, "Umeitengeneza?"

"Haikuwa imeharibika."

"Ilikuwa inakwama kila siku! Nilikuwepo!"

Karim akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Alinifunga kwa kiapo, mama. Lakini sasa ameenda. Ni zile risasi. Zile za polepole hazina nguvu ya kulirudisha komeo nyuma, ndiyo maana inanasa. Nilimwambia siku ya kwanza. Alisema za mbio zinapita kasi ya sauti, zinapasua hewa kwa mlio, na huyu mama hawezi kustahimili hewa ikipasuka. Nikamwambia utashindwa vikombe. Akasema kikombe iko kimoja ukutani, kinatosha."

Mtu aliyesema mtu wa kaliba yake hapigi bunduki ya panya. Kwenye meza yako kulikuwa na kubwa, na ndefu yenye heshima, na fupi ya mbio, na wewe ukashuka ngazi zote hizo, moja moja, mpaka ukafika chini kabisa, mahali pasipo na mlio, ukaketi hapo ukiningoja. Na ukashindwa mbele za watu kwa ajili yangu, na ukaniacha niitukane bunduki yako njia nzima kurudi nyumbani. Nimesali miaka mingi, Mzee, nimehubiriwa sana juu ya kushuka. Sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho likifanywa na mtu aliyevaa soksi nilizomvalisha mimi.

Kwenye mkoba kulikuwa kumebaki sanduku moja la zile risasi zako. Karim akaniuliza azifanye nini. Nikamwambia apige moja. Akaniangalia, akapakia, akapiga. Kikombe kwenye kisosi. Akapiga ya pili, na ikakwama.

Nilicheka mpaka nikalia, na wale wazee wa sweta wakageuka wenyewe wakatazama ukutani, bila kuambiwa na mtu. Kumbe kila Jumatano, kila ilipokuwa inanasa, ulikuwa unasema lile neno letu, "Kaliba!", nami nilikuwa nakaa palepale ndani bila kuitikia.

Starehe, Muzee. Starehe sana.

Ni mimi, niliyeingia kwako bila kukaribishwa,
Mama Ushindi